Giya Mia Mbili na Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Kikao cha chama saa moja jioni, chumba cha nyuma cha maktaba. Kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe.

Mwenyekiti wetu, Asger Mikkelborg, alisoma mpangilio wa maonyesho ya tarehe kumi na sita na kumi na saba. Mashine thelathini na moja, zote za matofali ya plastiki, zitazunguka ukumbi mzima wa michezo wa Vesterlund. Kila mashine inapokea mipira midogo, mmoja kama punje ya zabibu, kutoka kwa jirani wa kushoto. Inaipandisha, inairusha au inaibeba, kila moja kwa namna yake, halafu inamkabidhi jirani wa kulia. Moja ikikwama, thelathini zote zinasimama. Hapo ndipo utamu ulipo. Balaa pia.

Mimi ni namba kumi na nane. Namba kumi na saba, yaani atakayenipa mipira, ni Gudrun Thorsager. Mkunga mstaafu, miaka sabini na moja, kajiunga mwezi wa nne mwaka huu. Mimi ni mmoja wa watu watano walioanzisha chama hiki. Nimefunga mitambo ya kiwanda cha maziwa miaka thelathini na mbili. Leo napokea mipira kutoka kwa mtu ambaye giya anaiita "kile kigurudumu chenye meno".

Asger akaongeza jambo, huku anatazama dari. Kamati imepitisha kwamba mwanachama atakayesimamisha msururu mwaka wa tatu mfululizo hatajenga mwaka unaofuata. Kuanzia kesho yake atakuwa jikoni: kahawa na keki. Nikauliza sheria hiyo inamlenga nani. Akasema hailengi mtu, ni ya wote. Nikauliza ni wangapi waliosimamisha msururu miaka miwili mfululizo. Akapekua karatasi zake kwa muda mrefu, kama mtu asiyejua jibu.

Mmoja, akasema.

Nilirudi nyumbani kwa baiskeli, upepo usoni njia nzima.


Jumanne, 5 Novemba

Niiandike hapa ilivyo, watu wa baadaye wajue tulichokuwa tunazungumzia.

Mashine yangu inaitwa Ngazi. Ina mikono sita. Mkono wa kwanza unachota mpira kwenye kisanduku, unaupandisha, unaupa mkono wa pili. Wa pili unaupa wa tatu. Hivyo hivyo hadi wa sita, urefu wa mita moja na robo, ambao unauachia mpira kwa upole kwa jirani. Kama watu wanaozima moto kwa kupeana ndoo. Mota mbili. Giya mia mbili na kumi na moja. Hakuna mtu Jutland nzima, upande wetu huu wa Denmark, aliyewahi kupandisha mpira kwa giya mia mbili na kumi na moja.

Mashine ya Gudrun ina bawa moja linalopanda na kushuka. Giya tatu. Nilimuuliza kwa adabu kama amekwisha au ndio kwanza anaanza. Akasema amekwisha mwezi wa tisa, na sasa anafuma soksi.

Tatizo langu ni dogo. Mkono wa nne unaangusha mpira mmoja katika kila tisa. Nimekaa na jambo hili kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni. Dawa yake naiona wazi: zile giya nane za mwisho za kahawia, pana, za kutuliza mtikisiko, ambazo nimeshazihesabu katika mia mbili na kumi na moja ila bado sijazifunga. Giya hizo sina. Madukani hazipo, zilikuwa kwenye boksi moja tu, miaka mitatu iliyopita.

Boksi la kinu cha upepo. Kinu cha matofali haya haya alichojenga mke wangu, Lisbet, majira yale ya baridi alipopasuliwa goti.

Kiko dirishani sebuleni. Anakifuta vumbi kila Ijumaa.


Alhamisi, 7 Novemba

Giya nane ninazo.

Lisbet alikwenda kuimba kwaya. Niligeuza kinu, nikafungua sakafu yake, nikazitoa moja moja kwa koleo, nikafunga tena. Kwa nje hakuna tofauti hata kidogo. Ni kama kumtoa mtu kidoletumbo. Na Lisbet anahitaji mabawa yazunguke lini? Anakitazama tu.

Mkono wa nne sasa unaangusha mmoja katika kila kumi na moja. Maendeleo.


Jumamosi, 9 Novemba

Siku mbaya.

Dada yake Lisbet, Ragnhild, alikuja kutoka Esbjerg. Mkate mweusi, samaki wa siki, maandazi ya mviringo kutoka kwa mwokaji wa kona. Kila kitu sawa hadi Ragnhild aliposimama dirishani akasema hajawahi kuona kinu hiki kikizunguka. Lisbet akasema, kwani kinazunguka vizuri ajabu, ngoja uone. Akazungusha kitasa. Kitasa kikaenda. Mabawa hayakwenda.

Nikasema labda ni unyevu.

Lisbet alikipindua kinu mezani, kati ya siagi na samaki, akafungua sakafu, akatazama ndani. Kisha akanitazama mimi. Nimeoana na mwanamke huyu miaka thelathini na nne na bado sijui afadhali anaponyamaza au anaposema.

"Preben," akasema, "wakati ule sikuweza kutembea hadi chooni peke yangu. Hiki ndicho kitu pekee nilichokifanya miezi mitatu. Na wewe umeingiza mkono ukakitoa matumbo."

Ragnhild akatafuna andazi kwa makini sana.

Nilieleza kuhusu mtikisiko wa mkono wa nne. Nilieleza vizuri, hata nilichora kidogo kwenye kitambaa cha karatasi. Haikusaidia. Nimeahidi kuzirudisha kabla ya Ijumaa. Nimelala chumba cha wageni, kwa sababu ya mkoromo wangu, ambao ghafla umekuwa tatizo baada ya miaka thelathini na nne.


Jumapili, 10 Novemba

Kiungo cha mkono wa nne kinafunguka kila baada ya dakika ishirini. Nimejaribu pini mbili. Nimejaribu pini tatu. Nimekisemesha.

Mwisho nimetia gundi. Tone moja. Najua gundi katika chama chetu ni nini. Kuna mtu wa Kolding alitia gundi mwaka 2011 na hadi leo watu wakimwona wanavuka barabara. Lakini tone moja si gundi hasa. Gundi ni tabia, na mimi sina tabia hiyo. Mimi nina kiungo kimoja kilichochoka.


Jumatatu, 11 Novemba

Nimegundua jambo kubwa.

Nilipita kwa Gudrun kwa kisingizio cha kupima urefu wa kisanduku changu dhidi ya mdomo wa bawa lake. Alinikaribisha, akanipa kahawa nzito na kipande cha keki ya tufaha, akarudi kwenye soksi zake. Nikalala chali chini ya meza nikaitazama mashine yake. Pale bawa linapofungwa kwenye mhimili pana mpira wa kufungia. Si wa kutoka kwenye boksi la matofali. Mpira wa kawaida wa kijani, wa kufungia mafungu ya vitunguu sokoni.

Katiba ya chama, kifungu cha saba: vipande halisi tu.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, mpira ule ameutoa wapi. Akasema kwenye vitunguu. Hata aibu hana.

Nimerudi nyumbani kwa furaha ambayo sikuwa nayo wiki nzima. Gudrun akiondolewa, nitapokea mipira kutoka kwa namba kumi na sita, fundi wa saa mstaafu, ambaye mashine yake inatoa mpira mmoja mmoja kwa utaratibu. Bawa la Gudrun linatoa miwili miwili. Mkono wangu wa nne hauwezi miwili miwili. Kwa hiyo kosa lote lilikuwa la kule kushoto. Nilijua.

Nimeandika barua kwa kamati. Haina jina. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane, na nimetia makosa mawili ya maandishi kwa makusudi. Nimetia saini: Mwanachama Mwenye Uchungu.


Jumanne, 12 Novemba

Nilikwenda kuitia barua kwenye sanduku la Asger saa mbili asubuhi, wakati ambao kila mtu mwenye akili timamu yuko kitandani au kazini. Nilikuwa nimevaa kofia ya mvua hadi kwenye nyusi. Nilipoinua macho, Asger alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha kahawa, hatua nne kutoka kwangu. Akanipungia mkono.

Nikampungia. Ningefanyaje.

Mchana akapiga simu. Sauti ya upole, ile ninayoichukia. Akasema kamati imepokea barua isiyo na jina na kwamba inalichukua jambo hilo kwa uzito. Kwa haki kwa wote, itakagua mashine zote thelathini na moja, kipande kwa kipande, kesho kwenye majaribio.

Nikauliza zote.

Zote, akasema.


Jumatano, 13 Novemba

Ukumbi wa michezo, saa tisa alasiri. Baridi ya kutosha kuhifadhi nyama.

Walianza na namba moja. Asger na kioo cha kukuzia, na yule fundi wa saa akiandika. Walifika kwa Gudrun. Mpira wa vitunguu ukaonekana mara moja. Gudrun akasema kumbe hairuhusiwi, hakuna aliyemwambia, akautoa kwa kidole, akafungia nywele zake, akafunga pini ya kawaida mahali pake. Bawa likaendelea kupanda na kushuka kama vile halijatukanwa. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Kisha wakaja kwangu. Saa nzima na dakika kumi. Fundi wa saa aliishiwa wino. Nikaanza kuamini kwamba wingi wa vipande umewachosha na wamepitiwa. Asger akashika mkono wa nne. Akautikisa. Akautikisa tena. Akakitoa kioo, akakipangusa, akautazama mkono kwa karibu.

"Preben," akasema, "hii ni nini?"

Nikasema ni kiungo.

"Hii inayong'aa."

Nikasema huenda ni jasho.

Watu ishirini na tisa walikuwa wananitazama kama nimekojoa kwenye kisima. Fundi wa saa akashusha kalamu yake mezani, polepole. Kuna mtu huko nyuma akasema neno "Kolding" kwa sauti ya chini.

Asger angeweza kuniondoa palepale. Nilimwona anataka. Aliyemzuia ni Gudrun. Akasema tone moja la gundi ni dalili tu ya mtu aliyezidiwa, amewaona wengi wa namna hiyo, na dawa si kuwafukuza chumbani. Akasema yeye ndiye anayenipa mipira, kwa hiyo ni jirani yangu, na kesho atakuja kwangu tuone. Kamati ikanipa hadi Ijumaa saa kumi: gundi itoke, mashine ifanye kazi saa nzima bila kuangusha, vinginevyo nafasi kumi na nane itawekwa chungu cha maua.

Kutetewa na mtu uliyemshitaki, mbele ya watu ishirini na tisa. Afadhali chungu cha maua.


Alhamisi, 14 Novemba

Gudrun alifika saa nne kamili, viatu vya mpira, mfuko wa kufumia begani. Lisbet alimpokea kama dada aliyepotea. Waliongea jikoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika na nikasikia neno "kinu".

Alisimama mbele ya Ngazi. Niliiwasha. Alitazama dakika tano nzima. Nikangoja sifa, maana watu wengi huhitaji muda.

"Preben, hii ni mashine au ni ukoo?" akasema. "Wote wamehudhuria, wanaofanya kazi ni wanne."

Nikamweleza kwamba kila giya ina sababu yake. Akaonyesha moja, akauliza hii inazungusha nini. Nikasema inazungusha ile. Na ile? Inazungusha ile nyingine. Na ile nyingine? Nikafuata kwa kidole. Tulizunguka nyuma, tukapita chini ya mkono wa tatu, tukapanda, tukateremka, tukarudi kwenye giya ya kwanza.

"Ehee," akasema Gudrun.

Akaomba ruhusa. Sikuitoa wala sikuikataa, nilikwenda kuchemsha maji. Niliporudi alikuwa ameweka giya thelathini na nane kwenye sahani, zimepangwa kwa ukubwa, na zile nane za kahawia ziko pembeni peke yake. Mkono wa nne ameufungua, kiungo chenye gundi kiko kwenye pipa la taka, mahali pake pana pini mbili tu zinazocheza kidogo. Nikasema zinacheza. Akasema ndiyo, ziache zicheze.

"Nimezalisha watoto elfu mbili na kitu," akasema. "Kitu kikikwama, mara nyingi kuna mtu anakivuta kwa nguvu mno. Wewe umeukaza mkono huu hadi hauwezi kupumua. Ulegeze, utaona."

Tukawasha. Mpira wa kwanza ukapanda. Wa kumi. Wa mia. Mipira miwili miwili, mitatu mitatu, mkono wa nne unaipokea na kuipisha kama mhudumu mwenye uzoefu. Saa nzima. Hakuna hata mmoja ulioanguka. Tulikaa sisi watatu, Lisbet naye akaleta kiti chake, tukatazama mipira inapanda kama watu waliopigwa na bumbuwazi. Nakiri hapa, ambapo hakuna anayesoma, kwamba macho yangu yaliloa kidogo. Miaka mitatu.

Jioni nilirudisha giya nane kwenye kinu. Lisbet akazungusha kitasa, mabawa yakaenda. Akanishika bega akipita. Nimerudishwa chumba chetu.


Ijumaa, 15 Novemba

Saa kumi, majaribio. Saa nzima, haukuanguka mpira hata mmoja. Asger akanipa mkono, na safari hii alinitazama machoni. Fundi wa saa akasema hajawahi kuona upokezi laini namna ile. Gudrun alikuwa anafuma, hakuinua kichwa, lakini alitabasamu kwenye soksi.

Nimerudi nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na hapo ndipo nilipoliona bango.

Bango nililichapisha mwezi wa kumi. Rangi nne, karatasi nzito. NGAZI. MIKONO SITA. GIYA 211. Sasa ndani ya mashine mna mia moja sabini na tatu. Gudrun alisema nibadilishe namba kwa kalamu. Kwa kalamu! Kwenye bango la rangi nne.

Nimekaa nalo. Mimi ni mtu mkweli. Siwezi kusimama mbele ya umma na bango la uongo. Ama bango libadilike, ama mashine. Na bango limeshachapishwa.

Nimezirudisha thelathini kutoka kwenye sahani, kwa uangalifu, mahali pake pa zamani. Zimebaki nane. Lisbet yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Kinu kiko dirishani. Ni kwa siku mbili tu, na Jumapili jioni zitakuwa zimerudi kabla hajafuta vumbi, maana vumbi ni la Ijumaa na leo ameshalifuta.

Nimekaza pia zile pini mbili. Kidogo tu. Zilikuwa zinacheza.


Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne milango ilifunguliwa. Watu walianza kumiminika na makoti yao yaliyolowa. Saa nne na robo Asger alimwaga mipira mia sita kwenye mashine ya kwanza na msururu ukaanza. Ile sauti, mashine thelathini na moja kwa pamoja, kama mvua juu ya bati. Mipira ilinifikia saa nne na dakika ishirini na sita. Ngazi ikaipokea. Ikapanda. Nilisimama kando ya bango langu la kweli.

Saa tano na dakika ishirini mkono wa nne ulianza kutetemeka.

Saa tano na dakika ishirini na mbili ulipokea mpira kutoka kwa wa tatu na kuukabidhi hewani. Wa tano ulikuja, ukakuta hakuna kitu, ukaondoka. Tena. Na tena. Mipira ikarundikana kwenye kisanduku changu, ikajaa hadi kwenye mdomo wa bawa la Gudrun, bawa likazibwa, likasimama. Namba kumi na sita ikasimama. Kumi na tano. Nilisikia msururu ukizimika kuelekea nyuma, mashine moja baada ya nyingine, ukuta hadi ukuta, halafu kimya. Sijawahi kusikia kimya kirefu hivyo ndani ya ukumbi wenye watu mia mbili.

Asger alikuja. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika saa.

Gudrun aliweka soksi chini. Aliitazama Ngazi mara moja, akaona kila kitu, akanitazama mimi. Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Umezirudisha." Kisha akachukua vipande vya mfereji mweupe kutoka kwenye mfuko wake, akaviunganisha, akavipitisha kutoka kwenye bawa lake, mbele ya mashine yangu, moja kwa moja hadi kwa namba kumi na tisa. Dakika tatu. Msururu ukaamka. Watu wakapiga makofi.

Mipira ikapita mbele ya pua yangu bila kunigusa.

Nilisahau kuzima mota. Ngazi iliendelea. Bila mpira hata mmoja, mikono sita ikipeana kitu kisichokuwepo, giya mia mbili na kumi na moja zinazunguka. Mtu mmoja mzee akasimama. Akamwita mkewe. Wakaja wengine. Kufikia saa saba walikuwa wamesimama safu tatu. Mwanamke mmoja aliniuliza mashine hii inafanya nini. Nikasema kwa sasa haifanyi kitu. Akasema ndio uzuri wake, inatuliza.

Lisbet alifika saa nane na marafiki wa kwaya. Alipenya hadi mbele. Akavaa miwani. Nikaona kidole chake kinahesabu hewani: moja, mbili, tatu, zile za kahawia, nane. Akavua miwani, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Ukifunga hapa," akasema, kwa sauti ambayo kwaya nzima ilisikia, "utakuja nyumbani, utakaa kwenye kile kiti, na hutainuka mabawa yasipozunguka."

Kisha kura. Kila mgeni alikuwa na tofali moja jekundu la kutia kwenye mtungi wa mashine aliyoipenda. Asger alihesabu mara mbili. Akatangaza kwa uso wa mtu anayeumwa jino: namba kumi na nane, kura tisini na nne. Wa pili, Gudrun, arobaini na moja.

Nilishinda. Nikapanda jukwaani, nikapewa kikombe, na Asger akaninong'oneza sikioni, huku tunatabasamu kwa picha, kwamba jikoni ni kuanzia kesho saa nne.


Jumapili, 17 Novemba

Siku ya pili ya maonyesho. Nilikuwa jikoni kama ilivyoamriwa. Vikombe mia mbili na sitini. Keki ya tufaha, keki ya mdalasini, na ile kavu anayoleta fundi wa saa kila mwaka. Kupitia dirisha la kupitishia sahani niliona nafasi namba kumi na nane. Waliweka chungu cha maua.

Jana jioni nilikaa kwenye kile kiti. Nilitoa zile nane, nikafungua kinu, nikazirudisha. Mabawa yalikataa, kwa kuwa nilikuwa nimeiweka moja kinyume. Lisbet alisimama nyuma yangu muda wote. Mara ya tatu yakazunguka. Akakichukua kinu na kukipeleka chumbani kwetu, upande wake. Mimi niko chumba cha wageni.

Saa nane Gudrun alikuja kuchukua kahawa. Akaketi kwenye kreti la maziwa, mle mle jikoni. Nikamwomba radhi. Nilianza na ile barua na nikaendelea hadi Ijumaa, sikuruka kitu. Akasema alijua barua ni yangu tangu alipoisikia, kwa vile hakuna mtu mwingine anayelala chali chini ya meza ya mwenzake na kuuliza habari za vitunguu. Akasema pia kwamba jana alisimama na kuitazama Ngazi ikizunguka tupu, na alisahau soksi yake kwa dakika kumi. Mashine yake yeye hakuna anayesahau soksi kwa ajili yake.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka ujao tujenge pamoja. Iandikishwe kwa jina lake, katiba haikatazi mtu wa jikoni kumsaidia mtu. Yeye atashughulikia mipira ipite, mimi nishughulikie uzuri. Sharti moja tu: giya saba. Saba, akasema, akazihesabu kwenye vidole vyake ili nisije nikadai sikusikia. Nione kwanza kitu chepesi kinavyofanya kazi.

Miaka ishirini na moja ya chama hiki, hakuna aliyewahi kuniomba nijenge naye. Nikampa mkono, uliokuwa na krimu, akaushika hivyo hivyo.

Na nimeelewa alichokuwa ananifundisha. Kweli nimeelewa. Watu hawapendi kuona giya zinazokwama. Kosa langu miaka yote lilikuwa kuziweka mahali zinapoonekana.

Nimeanza kuchora hapa hapa, nyuma ya orodha ya keki. Saba zitakaa juu, kama tulivyopeana mkono. Lakini mashine ni lazima isimame juu ya kitu, na kitu hicho kinaweza kuwa na kina cha sentimita kumi na nane. Kwa hesabu ya haraka zinaingia mia tatu na arobaini. Gudrun ana miaka sabini na moja. Hainami.